Umepata vyuo viwili au vitatu kusoma biashara? Pitia haya kabla hujakonfemu

Wadogo zangu mliomaliza form six, na nyie mnaotokea diploma, hii ni ya wale waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja kwenye kozi za biashara na sasa hawajui washike kipi. Kila mwaka majina ya awamu ya kwanza yakitoka simu yangu haitulii, mtu kapata BCom (digrii ya biashara) pale Mlimani, yaani UDSM, chuo cha fedha IFM wamempa uhasibu, Mzumbe nako yumo, halafu siku za kuthibitisha ni chache, basi anampigia mjomba anaambiwa hiki, anampigia shangazi anaambiwa kile, mwisho anaenda chuo alichosoma mtoto wa jirani. Miaka mitatu ya maisha yako haitakiwi kuamuliwa hivyo.

Mimi ni mhasibu na ofisini huwa tunapokea vijana wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kutoka vyuo tofauti tofauti, kwa hiyo nitaongea ninayoyaona pale pamoja na taratibu ambazo ziko wazi kwa yeyote. Na msimamo wangu nausema mapema: chuo ndio kitu cha mwisho kuchagua. Kwanza kazi unayoitaka, kisha kozi inayokupeleka huko, kisha hela mliyonayo nyumbani, halafu ndio jina la chuo linaingia.

Tumalize kwanza la utaratibu maana wengi huwa linawatesa. Siku hizi mtu anaomba moja kwa moja chuoni, TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, wanakusanya majina na kuhakiki. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja inabidi uthibitishe kimoja tu, kuna namba ya siri inatumwa kwenye simu uliyoombea, unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka unaiweka, basi. Kwa hiyo ile laini uliyoombea usiitupe, usimpe mtu, na kama utakuwa sehemu isiyo na simu mwachie mzazi laini pamoja na nywila na mwelekeze mapema. Nimeona watu wanahangaika mpaka dakika ya mwisho sababu laini ilisajiliwa kwa jina la mtu ambaye hapatikani.

Haya sasa tuingie kwenye kuchagua.

"Biashara" sio kozi moja

Mtu anakwambia nimepata biashara. Biashara ipi? Ukiingia kwenye kitabu cha udahili cha TCU utakuta uhasibu, fedha na benki, masoko, rasilimali watu, ununuzi na ugavi, bima, kodi, ujasiriamali, halafu BBA ambayo kwa vyuo vingi inachanganya kidogo kidogo vya hivyo vyote. Hizi zote ni miaka mitatu na zote zinaitwa biashara lakini ukimaliza milango yake haifanani hata kidogo.

Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yale ya Ajira Portal, soma hata kumi ya zamani kabla hujakonfemu popote. Angalia nafasi ya Mhasibu Daraja la II. Utakuta wanataka digrii ya uhasibu au biashara iliyojikita kwenye uhasibu, na juu yake mara nyingi wanataka CPA(T), ile sifa ya mhasibu wa kitaaluma, au sifa inayolingana nayo inayotambuliwa na NBAA, bodi ya wahasibu. Angalia afisa ununuzi, hapo utakutana na PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Umeona hapo? Tangazo halisemi tunataka mtu wa chuo fulani, linasema chuo kinachotambuliwa, halafu linataja kozi na bodi. Mwenye BBA ya jumla akikutana na tangazo la mhasibu anaweza kuachwa nje kwenye mchujo wa mwanzo kabisa, na chuo chake kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha aliyeitwa.

Ndio maana nawaambia kama unajua unataka uhasibu, chukua kozi yenye neno uhasibu kwenye jina lake. Ukipewa BBA chuo maarufu na Bachelor of Accounting chuo cha kawaida, na unachotaka ni kuwa mhasibu, nenda kwenye Accounting. Wengi hawapendi nikisema hivi, wazazi hasa, ila ndio ukweli ninaouona.

Kwa asiyejua bado anataka nini BBA ina maana yake, hasa kama nyumbani kuna biashara utakayoiendesha au unapenda mauzo na usimamizi. Ila uliza kitu kimoja, je chuo hicho kinakuruhusu kuchagua mkondo ukifika mwaka wa pili au wa tatu, na huo mkondo unaandikwa kwenye cheti au hauandikwi? Usiogope kuuliza hilo ofisi ya udahili, ni swali la kawaida na wanalijibu.

CPA, hapa ndio nataka tukae

NBAA ni bodi ya wahasibu na wakaguzi, ipo tangu mwaka 1972, na mitihani yake mikuu huwa Mei na Novemba. Ukimaliza digrii hauanzi CPA kutoka sifuri, kuna misamaha ya hatua au ya masomo kutegemea ulisoma nini. Mtu aliyesoma uhasibu anaruka hatua ya mwanzo, wakati aliyesoma masoko au rasilimali watu anaweza kukuta anatakiwa arudi nyuma zaidi kuziba masomo ambayo hakuyasoma chuo. Hiyo tofauti inaweza kukupotezea muda na ada za mitihani ambazo mtu ambaye hajapata kazi anazihisi kweli kweli.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua prospektasi ya kila chuo ulichopata, ipo kwenye tovuti zao, nenda kwenye kozi yako, soma orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Ya mwaka wa kwanza achana nayo, karibu kote yanafanana, kanuni za uhasibu, hesabu za biashara, uchumi mdogo, stadi za mawasiliano. Mwaka wa pili na wa tatu ndio utaona kama kweli kuna uhasibu wa gharama, kodi, ukaguzi, taarifa za fedha za ngazi ya juu, uhasibu wa sekta ya umma. Kisha linganisha na masomo ya NBAA yaliyopo kwenye tovuti yao. Kozi inayofunika mengi zaidi ndio inayokuandalia njia. Kazi ya jioni moja tu, daftari na bando, lakini katika vijana kumi wanaonipigia unakuta hakuna aliyefanya.

Kama haukusudii uhasibu fanya hivyo hivyo kwa bodi yako. Ununuzi ni PSPTB, benki kuna TIOB, taasisi ya wanabenki, wana cheti chao cha kitaaluma. Mtu wa masoko na ujasiriamali yeye habanwi sana na bodi, anabanwa na kazi anazoweza kuonyesha, kwa hiyo aangalie zaidi chuo kipo mji gani na fildi inapatikana vipi.

Halafu msidanganyike kwamba lazima uwe umetoka mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) A level. Watu wa EGM, HGE hata PCM wanaingia na wanafanya vizuri tu, mwaka wa kwanza debit na credit zinaanza upya kwa wote. Kinachokata watu ni hesabu. Kozi nyingi za fedha na uhasibu zinadai uwe umefaulu hesabu kwa kiwango fulani O level kama haukuisoma A level, kwa hiyo usisome tu ile pointi 4.0 ya masomo mawili ambayo ndio sifa ya chini, soma na maelezo madogo yaliyo pembeni ya kozi.

Vyuo vyenyewe

Sitavipanga namba moja mpaka kumi maana haisaidii, nitasema tu nani anafaa wapi kwa mtazamo wangu.

UDSM, ile shule yao ya biashara UDBS, ina jina na ina watu waliomaliza ambao wapo kila sehemu, kwenye mabenki, serikalini, kampuni za ukaguzi. Zamani ndio ilikuwa kitivo cha biashara na menejimenti, FCM, ambacho wakubwa wenu wanakitaja mpaka leo. BCom yao unaingia ukiwa tayari umepangwa kwenye mkondo, yaani kama ni Accounting ni Accounting tangu siku ya kwanza, kwa hiyo angalia umepewa ipi, usifurahie neno Mlimani ukasahau kwamba umepewa mkondo ambao hukuutaka.

IFM ipo tangu 1972, katikati ya Posta, mtaa wa Shaaban Robert, na imejikita kwenye fedha hasa. Anayetaka bima, kodi, benki au sayansi ya aktuari mimi ningemwambia aanze kuangalia hapo. Ukiwa pale mabenki na kampuni za bima zimekuzunguka, fildi unaenda kwa mguu. Kasoro yake ni makazi, Posta sio sehemu ya kupanga chumba, ndio maana wengi utawakuta wanavuka na pantoni kila asubuhi kutoka Kigamboni.

Mzumbe, pale Morogoro nje kidogo ya mji barabara ya Iringa, ilikuwa taasisi ya uongozi ya IDM kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2001, na kwa miaka mingi ndio iliyokuwa inawapika watumishi wa serikali. Kijana anayependa utulivu, ambaye nyumbani hela ni ya kubana, na ambaye anaona mwisho wake ni halmashauri, wizara au taasisi ya umma, mimi Mzumbe namwambia nenda bila wasiwasi. Maisha ya pale ni nafuu kuliko Dar na hakuna foleni ya kukulia masaa matatu kwa siku. Ila ina kampasi nyingine pia, Mbeya na Dar, kwa hiyo soma vizuri umechaguliwa ipi.

CBE, chuo cha elimu ya biashara, ni cha siku nyingi kwenye mambo haya, kilifunguliwa Januari 1965 na Mwalimu Nyerere, kipo Dar, Dodoma, Mwanza na Mbeya. TIA na IAA ya Arusha ni vya uhasibu tangu kuanzishwa kwake. Hivi vitatu pamoja na IFM vimekaa kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wa ngazi za NTA, digrii ni NTA 7 na 8, na kuna watu wanawatisha vijana kwamba hizo sio digrii kamili. Ni digrii kamili, zipo kwenye kitabu cha TCU, unaombea nazo ajira na masters kama wengine. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona kijana anaacha kozi nzuri ya uhasibu aliyoipenda kisa neno "taasisi".

MoCU pale Moshi ni nyumbani kwa ushirika, kilianza kama chuo cha ushirika 1963, anayetaka kufanya kazi na SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), AMCOS (ushirika wa wakulima) au fedha za vijijini hatapata sehemu bora zaidi ya pale. UDOM, chuo kikuu cha Dodoma, ina eneo kubwa na hosteli nyingi, na wizara zote zimehamia Dodoma kwa hiyo fildi serikalini iko jirani. SAUT Mwanza ni ya kanisa Katoliki, ada ni ya binafsi, lakini kwa mtu wa Kanda ya Ziwa anayekaa kwao gharama nzima inaweza kushuka chini ya kwenda Dar chuo cha serikali. Wenzetu wa Zanzibar wana SUZA na Zanzibar University pale Tunguu, na bodi yao ya mikopo ni nyingine, msichanganye.

Chuo Kikuu Huria kinamfaa aliye kazini tayari. Kwa aliyetoka form six moja kwa moja sikishauri sana, kinataka mtu mwenye nidhamu ya kujisukuma mwenyewe na umri ule wengi bado.

Wanaofikiria nje, Strathmore Nairobi au MUBS ya Makerere pale Nakawa, ni vyuo vinavyoheshimika, ila piga hesabu kwamba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya Bara, usiutegemee huko, utahitaji taratibu za TCU kabla ya kuondoka na cheti chako kutambuliwa ukirudi, na kama ni uhasibu utakuwa umesoma sheria za kodi za nchi nyingine wakati mtihani wa bodi hapa unauliza za TRA.

Kwa chuo chochote ambacho hukijui, hasa kipya cha binafsi, angalia kwanza hali yake kwenye tovuti ya TCU. Mwaka 2017 vyuo 19 vilizuiwa kudahili wanafunzi wapya kwa mpigo, na wapo waliokuwa tayari wamelipia fomu. Dakika tano za kuangalia zinatosha.

Hela, pigeni hesabu na mzazi akiwepo

Usilinganishe ada na ada. Ada ni kipande tu. Chukua karatasi, kila chuo mstari wake, andika ada, andika michango mingine ambayo ipo kwenye fomu ya kujiunga, usajili, kitambulisho, bima ya afya kama huna, ile 20,000 ya TCU ya kila mwaka, hela ya fildi. Halafu chumba, nauli ya kila siku mara siku za masomo, chakula, nauli ya kwenda nyumbani likizo. Kisha zidisha kwa miaka mitatu. Utashangaa chuo cha serikali chenye ada ndogo kinavyopanda ukishaweka chumba cha Sinza au Mabibo na daladala mbili kwenda mbili kurudi.

Hosteli usihesabu kwamba utapata mpaka upate. Mwaka wa kwanza mara nyingi wanapewa kipaumbele, mwaka wa pili unaambiwa ukatafute geto, kwa hiyo andika bei ya geto kuanzia mwaka wa pili.

Na mkopo. Kozi za biashara kwenye vipaumbele vya bodi hazikai juu pamoja na udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi, kwa hiyo hata kama unastahili unaweza kupata asilimia fulani tu ya ada, au ukapata hela ya chakula na malazi ada ukaachiwa. Familia ipange kama vile mkopo hautakuja, ukija iwe ni nafuu. Aliyepata bumu, yaani hela ya mkopo, akumbuke pia hiyo hela inarudishwa, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sio kitu cha kununulia simu kubwa wiki ya kwanza. Na wale wenye udahili zaidi ya mmoja, bodi inahitaji kujua uko chuo gani ndio ikupangie, ukichelewa kuthibitisha na mkopo unachelewa.

Tafuta mtu wa mwaka wa tatu

Prospektasi inakwambia chuo kinataka kuwaje. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo hiyo, sio ya jirani, ndio anakwambia kilivyo. Mpate mmoja kila chuo, ukikosa kwa ndugu uliza mwalimu wako wa A level, lazima ana mwanafunzi wake pale. Muulize darasa lina watu wangapi na kama nyuma wanasikia. Muulize matokeo ya semista yanatoka baada ya muda gani, na yakikosewa unarekebishiwa wapi. Muulize alifanya fildi wapi, alitafutiwa au alizunguka mwenyewe na barua mkononi. Muulize wanafundishwa kutumia nini kwenye kompyuta, maana ofisini tunataka mtu anayeijua Excel vizuri, anayejua hata kidogo programu kama Tally au QuickBooks, na aliyewahi kusikia kwamba serikali inanunua kupitia NeST na kulipa kupitia MUSE. Kijana akija fildi hajawahi kufungua Excel mwezi wa kwanza wote unaishia kwenye kumfundisha kujumlisha safu.

Swali la mwisho muulize watu wangapi wa darasa lake walidisko, yaani waliondolewa chuo kwa kufeli, au wana sapu, mitihani ya kurudia, na ni somo gani. Hapa nataka uelewe kitu kuhusu GPA. Kwa mfumo wetu wa tano, 3.5 mpaka 4.3 ni daraja la pili la juu, chini ya hapo mpaka 2.7 ni la pili la chini. Waajiri wengi wa binafsi na programu za mabenki za kuchukua wahitimu wapya zinaanza kuchuja hapo kwenye 3.5, na masters utaulizwa hiyo hiyo. Kama unajijua wewe darasa la watu mia tano linakumeza, chuo kidogo ambacho mwalimu atalijua jina lako kinaweza kukutoa na 3.8, kuliko chuo kikubwa kikutoe na 2.9. Hapo jitathmini kwa ukweli, hakuna mwingine anayeweza kukufanyia.

Ukibaki bado huamui kati ya viwili

Ikitokea kozi ni ile ile, hela ni ile ile na uliowauliza wamesema yanayokaribiana, mimi naangalia mji. Anayetaka benki, bima, ukaguzi au kampuni binafsi achukue Dar, makao makuu ya CRDB, NMB na zile kampuni kubwa za ukaguzi yako pale, na mwanafunzi anayekaa jirani na ofisi anapata fildi, anapata kibarua cha likizo, anajulikana. Anayetaka serikali, Dodoma na Morogoro hazimwachi mbali. Anayetaka kurudi kuendesha duka au shamba la familia asome karibu na nyumbani ili likizo awe kwenye biashara yenyewe.

Ukishaamua, ingia uweke ile namba ya siri siku hiyo hiyo, usisubiri siku ya mwisho mfumo unazidiwa. Piga picha ya ukurasa unaoonyesha umethibitisha, pakua fomu ya kujiunga, hakikisha majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha form four na kwenye akaunti ya mkopo yanafanana herufi kwa herufi, na kama hayafanani anza kushughulikia kiapo sasa hivi kabla chuo hakijafunguliwa. Na ukishafika ukagundua kozi sio yenyewe, kuna dirisha la kuhama kozi au chuo linalotangazwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, huwa fupi sana, kwa hiyo wiki za kwanza hudhuria vipindi vyote na usisubiri mpaka mtihani wa kwanza ndio ukaanza kuuliza.